Shati Katikati ya Blanketi

Watu huangalia blanketi la viraka juu tu. Wanasifu rangi, wanauliza umeunganisha vipi, na hakuna anayeuliza kuna nini katikati. Mimi nashona mablanketi haya Kitale kwa fagia, yale mabaki ya mitumba ambayo wateja wamechagua wakachoka, mpaka mwenye belo anayakanyaga akipita. Juu naweka magauni na suruali zenye rangi. Chini naweka shuka kuukuu. Katikati, pale pa kuleta joto, natia takataka yoyote: sweta zilizotoboka, soksi, na zile tisheti za kampeni zenye sura za wanasiasa. Waheshimiwa wengi walioanguka kura upande wetu wanalaliwa na watu ndani ya kazi yangu, na bado hakuna aliyekuja kulalamika.

Nguo ya mtu usiyemjua haikusumbui. Unaikata kwapa, unaikata mgongo, huku unatafuna chingamu. Nilikuwa nimezoea hivyo miaka mingi kabla mume wangu hajafariki.

Yeye alikuwa mtu wa Myanga, kule Bungoma. Wazazi wangu ni wakulima waliohamia Trans-Nzoia kutoka upande wa kati, kwa hivyo kwa watu wa mume wangu niliitwa "ule mwanamke wa Kitale" tangu siku ya kwanza. Hatukujaliwa mtoto. Mama mkwe alilisema hilo mbele ya wageni, akinimiminia chai.

Kwa watu wake, mtu akishazikwa kuna siku ya kunyoa nywele, na siku hiyo nguo za marehemu hutolewa nje zote, zikawekwa kwenye mkeka, wazee wakazigawa. Zote. Kuficha hata kitambaa cha mkono ni kumwibia maiti. Ni watu wa kanisa, wanaomba asubuhi na jioni, lakini kwa hilo hawana mchezo.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu. Shati lake la drafti, bluu na nyeupe, ambalo kola yake niligeuza mwenyewe ilipochakaa. Alilivaa siku ya mwisho aliyotoka kitandani akaketi nje kwenye jua, kabla ya kupelekwa hospitali. Sikulifua. Lilikuwa na jasho lake na sabuni yake, na sikuwa na kitu kingine cha kunionyesha kwamba nilikuwa na mume.

Wifi yangu, dada yake mkubwa, alipiga simu akasema anakuja kesho kukusanya nguo. Nilikaa kwenye cherehani mchana wote. Nilikunja shati zima, nikalilaza katikati ya blanketi, pale panapoangukia kifua cha mtu akilala, nikashonelea pande zote. Majirani walisikia ile cherehani inalia na maiti hata haijatoka mochari. Wakasema huyu mwanamke hana hata aibu. Niliwasikia, nikaendelea kushona.

Halafu nikafanya ujinga wangu. Niliogopa kuliacha blanketi Kitale, chumba chenyewe ukisukuma mlango kufuli inafunguka, nikalibeba Myanga ili nijifunike nalo siku za matanga.

Siku ya kunyoa ilifika. Wifi alisimama mbele ya mkeka akahesabu kwa macho, kisha akanigeukia.

"Iko wapi ile shati ya drafti?"

"Iliungua na pasi," nikasema. "Nikafanya tambara."

Alinipandisha akanishusha. Wazee wakaendelea. Koti likaenda kwa kaka, viatu vikaenda kwa binamu ambaye havikumtosha hata kidogo. Mama mkwe alikaa kando, kichwa kimenyolewa, akingoja. Walimpita. Mkeka ulipobaki mtupu akasema polepole, "Na mimi? Si nilizaa yeye?"

Ndipo wifi yangu akaingia ndani ya nyumba, akatoka na blanketi langu mkononi.

"Si umwachie Mama hii. Wewe unashona zingine kila siku, bana."

Kila mtu akaitikia, ati ni vizuri, ati mkwe ameonyesha heshima. Ningesema nini? Nikisema kilichomo, mimi ni mwizi wa maiti mbele ya ukoo mzima. Nilijikaza kisabuni, nikasema, "Karibu, Mama." Alilipokea kwa mikono miwili. Niliichukia ile mikono.

Nilirudi Kitale mikono mitupu, na miaka miwili sikuwaza kingine. Nikikata fagia nawaza shati. Nikisikia kwamba mvua inanyesha Bungoma nawaza kama nyumba inavuja. Wakati huo mama mkwe alikuwa ameanza kuugua, kifua na miguu, na wifi akamhamishia kwake Bungoma mjini, nyumba ya kupanga karibu na reli. Niliposikia hivyo nilifurahi. Nasema ilivyokuwa. Nilifurahi kwa sababu mjini ningeweza kwenda nikarudi siku hiyo hiyo.

Nilinunua blanketi jipya dukani, lile zito lenye picha ya simba, limefungwa kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu. Nilifika asubuhi. Mama mkwe alikuwa kitandani, amekuwa mdogo, na lile la viraka amelivuta mpaka kidevuni.

"Nimekuletea mpya, Mama. Hiyo imezeeka."

Aliangalia simba, akatikisa kichwa. "Hapana. Hii iko na halufu ya mtoto yangu."

Wifi yangu akacheka kutoka jikoni. "Anasema hivyo kila siku. Ati mtoto yake iko ndani ya blanketi. Kichwa ya Mama imeenda."

Mama mkwe alinitazama. Hakuwa na wazimu hata chembe, na katika nyumba ile mtu aliyelijua hilo ni mimi peke yangu. Ningeweza kuinama nikamwambia sikioni: ni kweli, Mama, gusa hapa, kola yake hii. Maneno machache tu. Lakini nilikumbuka chai aliyonimiminia mbele ya wageni, na ile mikono miwili, na roho yangu ikawa jiwe.

"Ni harufu ya uchafu, Mama," nikasema. "Inataka kufuliwa. Nitaifua Kitale, ikikauka nitakuletea."

"Itakauka lini?"

"Haraka. Jua ni kali."

Aliamini, lakini vidole havikuachia upindo. Nilivitoa kimoja kimoja. Vilikuwa baridi. Nilimwekea ule mfuko wa simba miguuni, nikaondoka hata chai sikunywa.

Nyumbani nilifunga mlango, nikashika wembe, nikafumua. Sweta, tisheti, mheshimiwa na tabasamu lake, kisha shati. Lilikuwa zima, mikunjo yangu ile ile. Nilijifunika nalo usoni nikavuta pumzi.

Lilinuka moshi wa jikoni, na dawa ya kuchua, na maziwa. Lilinuka mama yake. Nilitafuta kwapani, nikatafuta kwenye kola, nikageuza nje ndani. Yeye hakuwamo tena. Nilikaa na lile shati mapajani mpaka jioni, na hasira yangu haikuwa na mtu wa kwenda kwake.

Sikulishona tena. Nilijiambia wiki ijayo, halafu wiki nyingine. Wiki ya tano simu ikalia: mama mkwe amefariki.

Siku ya kunyoa nilikwenda, kwa sababu nisingekwenda wangesema. Nguo zake zilikuwa chache: gauni, sweta ya kanisa, leso mbili. Mwisho wa yote wifi akaniletea ule mfuko wa plastiki wenye simba, akauweka miguuni pangu.

"Yako hii, rudi nayo."

Zipu haikuwa imefunguliwa. Hata karatasi ya bei ilikuwa pale pale.

"Hakujifunika?" nikauliza.

"Alikataa kabisa. Tulikuwa tunamfunika na leso, anatetemeka tu." Wifi alikuwa anakunja mkeka, hakuniangalia. "Alisema yeye anangoja ile yake. Kila asubuhi alikuwa anauliza kama imekauka."