Dari Iliyokataa Kutulia

Mtaani walimwita Mama Dari. Mpe brashi na ngazi, umwonyeshe dari iliyochafuka moshi, na akimaliza utaogopa kuitazama usije ukaichafua kwa macho. Kuta nazo alizipaka vizuri, lakini kama mtu anayesalimia wageni huku moyo uko jikoni.

Basi siku moja yuko juu ya ngazi, uso kauelekeza juu, dari ikaanza kuzunguka kama feni. Akashuka ameikumbatia ngazi kwa mikono miwili, akaketi sakafuni, akacheka.

"Wifi," akamwambia dada wa mumewe, ambaye ndiye mwenzake wa kazi, "umetia nini kwenye chai?"

"Sukari. Mbona mimi sizunguki?"

Tangu hapo ikawa mchezo. Akikaa wima, mzima kabisa. Akitazama juu, au akijigeuza kitandani, dunia inambeba. Akaanza kulala ameketi, mito mgongoni, mpaka mumewe, fundi viatu, akalalamika kwamba ameoa abiria. "Mke wangu analala kama anasubiri basi," alisema. "Likija uniamshe, twende wote."

Kazini wakagawana upya: Mama Dari kuta, wifi dari. Alicheka na kila mtu, lakini kila alipomwona wifi anaipanda ngazi ile, aliugeukia ukuta wake. Asipopanda tena ataitwa nani? Mama Ukuta?

Hospitali akaenda. Na hospitali, kwake, haiendwi hivi hivi. Alifunga kilemba kirefu, kilichosimama wima, akakaa mbele ya kila daktari shingo imenyooka kama yuko kwa mpiga picha. Presha nzuri. Damu nzuri. Sukari nzuri. Macho mazuri kuliko ya mpimaji. "Huna kitu, mama." Akawa anatoka amenuna.

"Mgonjwa gani huyu," wifi akashangaa, "akiambiwa mzima anakasirika kama kaibiwa?"

"Nimeibiwa! Nyumbani ugonjwa ninao, nikifika kwa daktari sina."

Mwishowe wakamtuma kwa daktari wa masikio. Siku yenyewe ikaangukia siku ya kazi, akaenda vivyo hivyo, kichwa wazi, nywele zina madoadoa ya rangi, wifi nyuma yake. Daktari alikuwa binti wa sauti ya taratibu. Akauliza, Mama Dari akajibu, yote yakaenda sawa mpaka Mama Dari akahisi kuna kitu huko juu hakijakaa vizuri. Fundi ni fundi. Akainua uso.

Lo! Rangi ilikuwa imepakwa mawimbi mawimbi, huku nzito, huku nyepesi, na tone limegandia kando ya taa.

"Mungu wangu, nani kafanya..."

Hakumaliza. Chumba kikaondoka. Akamdaka daktari koti.

"Usifumbe macho!" Daktari alikuwa karibu kuruka kwa furaha. "Macho yako yanacheza! Njoo ulale hapa."

Akamlaza, kichwa kimegeuzwa upande na kuning'inia kidogo. Wakasubiri. Kizunguzungu kikaja.

"Umeuona?" Mama Dari akapiga kelele, kakishika kitanda kisimtoroke. "Wifi, kauona! Ugonjwa wangu kauona!"

"Hongera, wifi. Umefanana na nani?"

Daktari akaeleza. Ndani ya sikio kuna vijiwe vidogo mno vinavyomsaidia mtu asiyumbe. Vya Mama Dari vingine vimehama, vimeingia mahali pasipo pake, na akiinua kichwa vinabingirika, basi sikio linaudanganya ubongo kwamba anazunguka, ndipo macho yanapocheza. "Kwa madaktari wengine, hukuwahi kutazama juu?"

"Kilemba kingeanguka!"

Wifi alicheka mpaka akaketi sakafuni.

Dawa haikuwa ya kumeza. Daktari alikigeuza kichwa upande huu, akangoja, akakigeuza ule, akamlaza ubavu, kisha akamketisha. "Polepole, mwanangu," Mama Dari alilia huku anacheka, "mimi si ndoo ya rangi!"

Alipopumzika, daktari akasema, "Haya. Tazama juu."

Hapo utani ukamwisha. Akaushika mkono wa wifi. Akainua kidevu kidogo, akangoja, akainua tena. Dari ikakaa. Machozi yakamlengalenga.

"Imetulia," akanong'ona. "Imetulia, lakini mbaya! Daktari, nani alikupakia?"

Wifi akauachia mkono, akaanza kutazama dirishani.

"Wifi?"

"Ni ile kazi ya hospitali niliyokwenda peke yangu, ulipobaki nyumbani na kizunguzungu."

"Na tulipoingia hukusema?"

"Nilijua hutatazama juu!"

Daktari akamwonya kwamba ugonjwa unaweza kurudi, na ngazi asiiguse mpaka amwone tena. Akatii. Aliporudi akapimwa, macho yakatulia, akaruhusiwa. Ngazi ilikuwa inamngoja nje ya mlango wa daktari.

"Shika vizuri," alimwambia wifi akiwa tayari juu, chini ya lile tone.

"Nimeshika. Dunia iko wapi?"

"Imekaa hapo ulipo. Nipe brashi."