Ng'ombe Hunywa Maji Mara Ngapi

Kila nikisikia harufu ya karatasi inayotoka ikiwa moto kwenye printa, narudi darasani kwetu Garsen. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa amekwenda Malindi, akachapisha kurasa za intaneti na kuzibandika ukutani kwa uji wa unga. Alitupa maswali, tuzunguke tukitafuta majibu, kisha tuandike insha. Mshindi angekwenda naye Malindi kuiona hiyo intaneti yenyewe.

Swali moja lilikuwa, ng'ombe hunywa maji mara ngapi? Ukurasa ulisema kila siku. Nikanakili. Rafiki yangu, binti wa wafugaji wa Kiorma, akaandika vingine.

"Umesoma ukurasa gani?" mwalimu akamuuliza.

"Kwa baba. Zetu wakati wa jua zinakunywa leo, kesho hapana."

"Intaneti ya zizini!" mmoja akapiga kelele, darasa zima likacheka.

Mwalimu, nisimwonee, hakucheka. Aliuliza, "Kuna mwingine aliyeona hivyo?"

Shamba letu lilikuwa kando ya njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Kiangazi walipita siku moja, siku ya pili njia ilikuwa tupu. Nilijua. Labda niliogopa kuchekwa, lakini nadhani niliitaka Malindi tu. Nikainamisha kichwa.

Nikashinda. Asubuhi ya safari rafiki yangu alikuja stendi na chupa ya maziwa yaliyotiwa moshi.

"Shika, dadangu. Malindi mbali."

Niliyanywa njiani, yote. Yalikuwa matamu, siwezi kusema uongo.