Ampli Iliyozidi Bafle za Baba

Juzi katika duka moja mjini Baraka, muuzaji aliposikia bafle zangu ni zile spika ndogo za nyumbani, alinionya nisichukue ampli kubwa ya kukuza sauti. Harufu ya moshi wa jenereta na ya dagaa, ndagala zetu, zilizoanikwa nje ikanirudisha kwenye siku ile ya utoto wangu, baba alipoambiwa na muuzaji maneno hayo hayo.

“Papa, hii ampli iko na nguvu mingi. Itapasula bafle yako.”

“Unipe tu ile ya nguvu,” baba alijibu.

Nilidhani anataka majirani watuonee wivu. Tulipofika nyumbani alifunga madirisha jua likiwa kali, akafungulia muziki mpaka sahani za mama zikatetemeka. Mama alituvuta chini, akasema wimbo ule unachezwa kwa kulala sakafuni. Tulicheka sana. Wimbo ulipotulia kidogo, nikasikia: pa! pa-pa!

“Papa, bafle imepasuka!”

“Ndiyo, mutoto wangu, imepasuka,” alisema, akaongeza sauti.

Bafle hizo ndizo nilizo nazo leo, na karatasi zake za ndani hazijawahi kupasuka. Wiki hii bunduki zimeanza tena kulia kule vilimani, nami nina watoto. Nikamwambia muuzaji anipe ile ya nguvu.