Adhana ya Siku Isiyo na Mvua

Watu wa Izki, huku Oman, humwita Himid "Kapteni", na nusu yao huamini kwamba alikuwa kapteni wa mpira. Mwenyewe hajapata kuwasahihisha. Ana kitambi cha heshima na duka la vipuri vya magari, na mtu akimwuliza alicheza namba gani, hujibu, "Golikipa, kazi yangu kuzuia," kisha hurudi kwenye plagi zake.

Kwa hiyo binti yake, Tufool, alishtuka alasiri ile. Mvua ilikuwa imemwagika, wadi, lile bonde kavu, imeshuka na mafuriko, barabara ya Nizwa haipitiki, na baba na binti wamekwama dukani. Muadhini akatia katika adhana yale maneno ya siku za mvua kubwa: *Salluu fii rihaalikum*, salini huko huko mliko. Himid akaweka chini boksi la taa, na machozi yakamtoka waziwazi.

"Baba, umekuwaje? Wadi inakutia khofu?"

"Maneno haya, mwanangu, mimi niliyaadhini siku ya jua kali."

"Wapi? Kwenye vita ile ya Kongo? Wallahi hujanambia hata siku moja."

Akamwambia.

Himid alizaliwa Kasongo, mashariki ya Kongo, kwa wazee wa asili ya Oman, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka alijiunga na waasi, akiamini kabisa kwamba wanakwenda kuikomboa nchi. Wakampa ukapteni na kambi ukingoni mwa mto. Askari walikula muhogo mchana na muhogo jioni. Kanali wao alikula mbuzi hemani peke yake, kisha akatoka akijifuta mdomo kuwahutubia juu ya usawa. Himid aliliona hilo akalimeza, maana mwenye imani humeza mengi.

Ng'ambo ya mto kulikuwa na mji ulioshikwa na maadui, na msikiti. Yeye alikuwa Mwislamu pekee kati ya maofisa, na Ramadhani ilipoingia alifuturu kwa adhana ya maadui, kwa kuwa hakuwa na nyengine. Siku moja Kanali akamwuliza, kirafiki tu, watu wale hufanya nini adhana ikilia. Himid akamweleza kwa furaha: hukusanyika uani kwa msikiti, askari na raia, wazee na watoto, wakafuturu sinia moja.

"Vizuri sana," akasema Kanali. "Kesho ikilia, tunapiga mizinga uani hapo."

Ulimi hauna mfupa, na wa Himid ulikuwa umeuza mji mzima. Hakulala. Kesho yake jua likielekea kuzama, akapanda kichuguu ukingoni akaadhini kwa sauti yake yote, na anga halina hata wingu akatia: *Salluu fii rihaalikum*. Kanali akacheka, kapteni wake kashikwa na dini. Punde adhana ya ng'ambo ikalia, na ndani yake maneno yale yale. Wameelewa! Mizinga ikapiga ua mtupu.

Siku chache baadaye askari wa Himid walikuwa kwenye foleni ya chakula, jua la utosi, adhuhuri ikaadhiniwa ng'ambo. *Salluu fii rihaalikum*.

"Tokeni hapo!" Himid akapiga kelele. "Ingieni mahandakini!"

Kanali akatoka hemani. "Hakuna kuondoka! Nani kakwambia wanapiga?"

Angesema ni hisia tu, vijana wangebaki kwenye foleni wakafa. Angesema kweli, angepigwa risasi yeye. Vijana walikuwa wakimtazama, bakuli mkononi.

"Muadhini wao," akasema, na kila mtu akasikia. "Ananirudishia wema. Juzi mimi ndiye niliyewaonya."

Askari hawakungoja kusikia zaidi. Makombora yakaangukia masufuria. Vumbi lilipotua, Kanali akaamuru msaliti akamatwe, na hakuna aliyenyanyuka. Himid akavua nyota zake, akaziacha mezani kwa Kanali kando ya nyama ya mbuzi, akaondoka kwa miguu. Vita vile vilimtoka moyoni pale pale. Aliyemtakia uhai alikuwa adui, na aliyetaka kumwua alikuwa mkubwa wake.

Tufool alikuwa amemshika baba yake mkono. Nje mvua ilikuwa bado inapiga mabati.

"Na yule muadhini, Baba? Ulimpata?"

"Vita vilipokwisha nilivuka mto nikamtafuta. Alikuwa kijana, jina lake Sleyum. Wakubwa wake nao walimwuliza kwa nini katia maneno ya mvua siku ya jua. Akawajibu kweli, kama mimi." Himid akapangusa macho kwa ncha ya kilemba. "Lakini mimi nilisema mbele ya askari wangu. Yeye walimwuliza chumbani, peke yake."