Ndimi Zilizogongwa kwa Kibano

Kiwandani tulimwita Mama Kibano, ingawa hakuwahi kuzaa. Kwa miaka kumi na moja nilikaa naye meza moja, kiwiko kwa kiwiko, na naapa sijaona mkono mtulivu kama ule. Ukikohoa karibu na hadubini yake, alikutazama mpaka unajuta kuwa na mapafu.

Kazi yetu ilikuwa ndimi. Ndivyo tulivyoviita vile vipande vya silikoni, vyembamba kuliko unywele, vinavyokaa juu ya leza ndogo kama punje ya chumvi. Ulimi ukipewa umeme kidogo unapinda, na ukipinda, rangi ya mwanga inahama. Leza hizo huingia kwenye vifaa vya kupimia gesi migodini. Gesi humeza rangi yake maalumu, na ulimi ndio unaoitafuta rangi hiyo. Ulimi ukinata, mwanga unabaki kwenye rangi isiyohusika, na kifaa kinasoma sifuri hata kama gesi imejaa tele.

Siku za unyevu ndimi zilinata. Kanuni ilikuwa kutupa, lakini Mama Kibano aliionea uchungu kazi ya mikono yake. Akagundua kwamba ukigonga kitako cha leza kwa kibano, mara moja, taratibu, ulimi unaachia na kufaulu majaribio yote.

"Amelala tu huyu," alisema. "Ukimwamsha, anaamka."

Sote tukajifunza, mimi tena kwa mbwembwe. Meza yetu ikasifiwa kwa kutotupa kitu. Hakuna aliyeuliza kama ulimi ulioamshwa unaweza kulala tena.

Mwaka huo mvua ilinyesha wiki tatu mfululizo, na tuligonga mpaka vidole vikauma. Shehena ile ilitiwa kwenye vifaa vilivyopelekwa kwenye mgodi anakofanya kazi mdogo wa mwisho wa Mama Kibano, aliyemlea tangu mama yao afariki. Mama Kibano alifurahi kama mtoto. "Sasa namlinda mwenyewe," aliniambia.

Ijumaa, saa ya chakula cha mchana, mdogo wake alipiga simu. Mama Kibano akaweka simu kwenye spika ili nami nisikie.

"Shikamoo dada. Vifaa vyenu tunavyo! Vile vya zamani vilikuwa vinapiga kelele kila mara, tunatoka mbio bure. Hivi vina adabu. Tangu Jumatatu, sifuri tupu."

Mama Kibano aliweka kijiko chini. "Hata mara moja havijapanda?"

"Hata mara moja. Haya dada, lifti imefika, tunashuka."

"Usishuke! Wewe, nisikilize..."

Simu ilikuwa imekatika. Tulitazamana. Tulijua wote wawili kwamba chini kule gesi kidogo haikosi kuwepo; sifuri tupu ilimaanisha ndimi zimelala tena. Nilijichukia kwa kila ulimi niliougonga kwa kujionyesha.

Mama Kibano akampigia mdogo wake. Hapatikani. Akapiga ofisi ya mgodi, simu ikiwa bado kwenye spika.

"Watoeni watu," alisema. "Vile vifaa vipya ni vibovu. Mimi ndiye niliyevipitisha. Nakuomba, baba, watoe sasa hivi."

Karani aliyepokea alimwambia asubiri. Tulisikia kiti kikisogea, hatua zikienda, kisha zikirudi.

"Mama, tulia," alisema kwa upole. "Nimetoka kuvitazama kwenye skrini. Vyote vinasoma sifuri."