Neno la Kusimamisha Gari

Juzi, katika duka la Wanepali hapa Columbus, nilisikia harufu ya mafuta ya haradali. Niliweka kikapu chini nikatoka. Ndiyo harufu ya gari la jirani yetu Mnepali kule Buffalo, aliyempeleka mama kiwandani kila asubuhi.

Mama hakutaka kupanda gari la mtu bila kumsemesha kwa lugha yake. Maneno niliyaokota shuleni kwa watoto wa Kinepali, nikamfundisha akikaanga sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani kwetu. Alilolipenda ni parkhinus, yaani nisubiri tafadhali.

"Heshima iko ndani?" aliniuliza.

"Iko, mama."

"Bon, vizuri. Tena."

Asubuhi moja ya theluji alichelewa kidogo akinifunga viatu. Tulipofungua mlango, gari lilikuwa linaanza kuondoka.

"Parkhinus, kaka," mama alisema kwa upole.

Yule mtu alimtazama, akapandisha kioo, akaenda zake. Nilitafuta jiwe la kumrushia, nikakuta theluji tupu. Siku hiyo hiyo kiwanda kilimfukuza kwa kutofika kwa wakati.

Mama alikaa jikoni bila kuvua koti. "Pengine nilisema mubaya. Unifundishe tena."

Nilikataa. Alikuwa amelisema sawasawa, na yule mtu alikuwa amesikia.