Mkono wa Fundi

Kila asubuhi fundi cherehani alikaa mlangoni na kioo kidogo, akanyoa ndevu, kisha kwa mkono uleule akajipaka wanja. Madina, jirani aliyekaanga ndizi za makemba upande wa pili wa ua, hakuchoka kumchungulia. Shati la kiume, kitambaa cha kike kichwani, sauti si nene wala si nyembamba. “Mutu asiyechagua upande iko anaficha kitu,” aliwaambia wateja, nao wakacheka, ila nguo zao walimpelekea fundi huyohuyo, maana alipima kifua cha mtu kwa upole wa anayefunika mtoto aliyelala.

Mwaka 1964, waasi walioitwa Wasimba waliposhika Kisangani, mpiganaji wao mmoja, wenzake wakimngoja uani, alileta koti lililochanika, chale za dawa ya vita zingali mbichi kwenye paji lake. Fundi akamzungushia utepe wa kupimia. Kijana akaruka nyuma, kwani mwiko wao ulijulikana: mwanamke akikugusa, dawa inakufa, risasi inakupata.

“Ee! Wewe iko mwanaume ao mwanamuke?”

“Niko yote mbili, papa. Tangu kuzaliwa.”

Kijana akamgeukia Madina. “Mama jirani, sema kweli!”

Neno moja, mwanaume, lingemwokoa. Madina alilishika mdomoni, akaukumbuka ule wanja.

“Mie? Sijui. Nauzaka makemba tu.”

“Bon, munganga wetu ataamua. Tembea!”

Hakuna aliyethubutu kumshika wala kumfunga. Fundi alichomeka sindano kwenye kitambaa, akatoka mwenyewe kuelekea daraja la mto Tshopo, Wasimba wakimfuata kwa mbali na mikuki yao, na mtaa haukumwona tena.